Supu ya Dengu Imekugomea? Soma Dalili Kabla Hujaongeza Kitu

Supu ya dengu yenye bizari hupikwa kwa vitu vinavyokaa kabatini muda wote: dengu kavu, kitunguu, bizari mbili tatu, mafuta, chumvi, pengine kopo la nyanya. Ni chakula cha kumtuliza mtu aliyechoka au anayetoka kuugua, ndiyo maana inauma inapoharibika. Na ikiharibika, wengi wetu hukimbilia kuongeza: chumvi tena, bizari tena, maji tena, hadi kosa la kwanza linafunikwa na mengine matatu. Nimeipika kwa miaka mingi, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kinachoiharibu mara nyingi si kitu kilichotiwa bali zamu yake. Nyanya ni nzuri, lakini imeingia kabla ya wakati. Bizari ni nzuri, lakini imetupwa kwenye maji badala ya mafuta.

Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, chota kikombe kimoja cha supu, kiweke pembeni, na ujaribie humo. Ukidhani inahitaji ndimu, kamulia matone mawili kwenye kikombe, koroga, onja. Ukidhani ni chumvi, tia chembe kidogo humo humo. Sufuria haiguswi mpaka kikombe kikubali. Tabia hii moja imeniokolea supu nyingi kuliko ujanja mwingine wowote.

## Kipimo cha kulinganisha

Dengu wapo wanaoziita adesi, wapo wanaoziita kamande. Hapa nazigawa mafungu mawili, kwa sababu matatizo yake hayafanani. Kuna nyekundu, zilizomenywa ganda na kupasuliwa, ambazo huiva kwa dakika 15 hadi 25 na kuyeyuka zenyewe. Halafu kuna nzima zenye ganda, za kahawia au za kijani, ambazo huchukua dakika 30 hadi 45 na hubaki na umbo lake.

Supu ya watu wanne hutoka kwa kikombe kimoja cha dengu (kama gramu 200), maji vikombe 5 au 6, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, kimoja cha giligilani, nusu kijiko cha manjano, vijiko viwili vya mezani vya mafuta, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi cha kuanzia. Nyanya na ndimu huja mwishoni. Si lazima ufuate hivyo. Nimeyaandika ili ujue umepishana wapi na supu ya kawaida.

## Dengu haziivi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vyanzo ni vingi na tiba zake hazifanani.

Ponda dengu moja kati ya vidole. Ikiwa nje imelainika na katikati kuna kidonge kikavu kama chaki, hakuna ugonjwa wowote, ni muda tu. Ongeza maji ya moto kama yamepungua, subiri dakika kumi, ponda nyingine. Ikiwa baadhi zimepasuka na nyingine ngumu kama changarawe, huenda umechanganya dengu za mifuko miwili, ya zamani na mpya, na hapo utasubiri zile za zamani ziamue. Lakini ikiwa zote ni ngumu na saa nzima imepita, chunguza mambo manne.

La kwanza ni uchachu. Je, ulitia nyanya, ukwaju, siki au ndimu mwanzoni? Kinachozishikanisha seli za dengu ni pektini, na pektini huchelewa sana kulainika kwenye maji yenye asidi. Unaweza kuchochea moto jioni nzima na dengu zikakutazama tu. Nyanya za kopo zilizokatwa vipande zina neno la ziada: mara nyingi hutiwa kloridi ya kalisi (chumvi ya kalsiamu) ili vipande visibondeke, na kalisi hiyo hiyo huikaza pektini ya dengu. Soma maandishi ya kopo. Nyanya iingie baada ya dengu kulainika, na kosa hili likiondoka, nusu ya malalamiko juu ya supu hii yanaondoka nalo.

Kama tayari umekosea, chukua magadi ya kupikia, yaani ule unga mweupe wa bikaboneti ya sodiamu unaotiwa kwenye keki, kiasi cha robo kijiko cha chai. Nyunyiza, koroga. Povu litapanda kwa sababu magadi yanaua asidi. Likitulia, endelea kuchemsha. Dengu zikishaiva, rudisha uchachu kwa ndimu. Usizidishe kipimo. Magadi mengi huleta ladha ya sabuni, huzigeuza dengu kuwa uji, na huharibu vitamini B1.

La pili ni maji yenyewe. Yakiwa ni yale yanayoacha utando mweupe ndani ya birika na kuinyima sabuni povu, ni maji magumu, yenye kalisi na magnesiamu nyingi. Yachemshe kwanza peke yake, yaache yatulie, kisha mimina ya juu tu kwenye sufuria; sehemu ya madini itakuwa imebaki chini. Ama weka chembe ya magadi, ndogo kuliko ile ya juu.

Hapa niseme jambo kuhusu chumvi, kwa sababu wengi tumefundishwa kwamba chumvi ya mapema hukaza dengu. Haikazi. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalisi kwenye ganda, na ganda hulainika zaidi. Mimi hutia nusu ya chumvi mwanzoni na kuikamilisha mwishoni, kwa sababu maji yakipungua chumvi hupanda.

La tatu ni umri. Dengu zilizokaa muda mrefu mahali pa joto na unyevu hubadilika ndani, na kuna zinazofika mahali ambapo moto hauzibembelezi tena. Ziloweke usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita, zisuuze, kisha zipike kwenye sufuria ya presha. Zikibaki ngumu hata baada ya hapo, zisage kwa blenda, uchuje, ule supu laini. Hazina ubaya wowote mwilini, zimezeeka tu.

La nne ni mwinuko wa mahali unapopikia. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Penye mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yanaonekana yakitokota vilevile, ila joto halijafika. Ongeza muda, au tumia sufuria ya presha, ambayo ndani yake joto hukaribia nyuzi 120. Ila usiijaze zaidi ya nusu: dengu hutoa povu, na povu huweza kuziba tundu la mvuke.

Na kama dengu zimeiva lakini kitunguu bado kinalia mdomoni, chanzo ni kilekile cha kwanza. Kitunguu kilikutana na nyanya kabla hakijalainika kwenye mafuta. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe laini na chenye rangi ya dhahabu, dakika nane au kumi, bila haraka.

## Imeiva, lakini imepooza

Supu ina rangi, ina harufu, ukiitia mdomoni haisemi kitu. Hapa ndipo watu humimina bizari, na bizari ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Chukua vikombe vitatu vidogo. Cha kwanza tia chembe ya chumvi, cha pili matone ya ndimu au siki, cha tatu mafuta kidogo au siagi. Onja kwa zamu. Mara nyingi cha kwanza kitakujibu: dengu zenyewe hazina chumvi na hunyonya nyingi, na lita moja ya supu huhitaji kijiko cha chai kilichojaa, wakati mwingine na nusu. Ikiwa chumvi imekolea lakini supu bado ni nzito ulimini, kama mtu anayezungumza kwa sauti moja, ni uchachu unaokosekana. Huo ndio hushangaza watu zaidi. Nusu ya ndimu, ikitiwa baada ya moto kuzimwa, huamsha sufuria nzima, na vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu. Na ikiwa ladha inapita haraka bila kukaa, ni mafuta: harufu nyingi za bizari huyeyuka kwenye mafuta, haziyeyuki vizuri kwenye maji.

Hilo la mafuta linaeleza pia supu yenye ladha ya vumbi, ile inayokuacha na unga mbichi wa manjano kooni. Bizari ilinyunyizwa moja kwa moja kwenye maji. Haijachelewa. Tafuta kikaango kidogo, pasha vijiko viwili vya mafuta, tia bizari nyembamba nzima isubiri hadi ianze kulia na kunukia, sekunde 30 hivi. Ongeza kitunguu saumu kilichokatwakatwa. Kikipata rangi ya dhahabu hafifu, epua, kisha ndipo utie bizari za unga, kwa sababu joto la mafuta linazitosha. Mimina yote juu ya supu na ufunike dakika mbili. Supu iliyokuwa imelala itaamka. Mimi siku hizi huunga hivi hata kama nilikaanga bizari mwanzoni, kwa kugawa: nusu ya bizari chini, nusu juu. Ya chini huipa supu mwili, ya juu huipa harufu.

Kama ukifanya haya yote na bado hakuna harufu, sugua bizari kati ya viganja na unuse. Isiponukia mkononi haitanukia kwenye sufuria. Bizari nzima hudumu miaka kadhaa ikifunikwa vizuri gizani; ya unga hupoteza nguvu mapema zaidi, hasa ikiwekwa juu ya jiko.

## Ni chungu

Uchungu hauondoki, unapunguzwa tu, kwa hiyo hapa kinga ni bora. Ujue umetoka wapi. Uchungu mkali wenye harufu kali ni kitunguu saumu kilichofika rangi ya kahawia nzito. Uchungu wenye harufu ya moshi ni bizari iliyoungua au sufuria iliyoshika chini. Uchungu unaofanana na dawa mara nyingi ni uwatu au manjano vilivyozidi. Uwatu, kwa kipimo cha hapo juu, robo kijiko cha chai inatosha. Na mafuta yaliyokaa hadi yakachina huleta uchungu unaokwaruza koo, ambao watu husingizia bizari.

Bizari ikiungua kwenye kikaango, imwage na uanze upya. Najua inauma kutupa, lakini kijiko kimoja cha bizari ni rahisi kuliko sufuria nzima. Ikiwa imeshaingia, jaribu kwenye kikombe: chumvi kidogo hupunguza makali ya uchungu, sukari chembe mbili husaidia, tui la nazi husaidia zaidi. Kikombe kikikataa, pika dengu nyingine tupu bila bizari na uchanganye nusu kwa nusu.

Ladha ya chuma ni jambo jingine. Hiyo hutokana na kuchemsha nyanya au ukwaju kwa muda mrefu kwenye sufuria ya alumini tupu au chuma tupu. Badilisha sufuria, au tia uchachu ukishaepua.

## Imeshika chini

Dengu nyekundu zikipasuka huachia wanga na protini, na hizo hukaa chini na kuungua wakati juu supu inaonekana tulivu. Ukinusa moshi, zima moto mara moja na usikoroge. Usikwangue! Mimina supu taratibu kwenye sufuria nyingine na uache sentimita mbili za chini zibaki zilipo. Onja iliyohamishwa. Ikiwa moshi haujaipenya, umepona kabisa. Ikiwa umeipenya kidogo, bizari nyembamba na ndimu vinaweza kuufunika. Ukiwa mwingi, hakuna dawa, na viazi au mkate havinyonyi moshi.

Ukipika tena, dengu zikianza kupasuka shusha moto uwe mdogo, na koroga hadi chini kila dakika chache kwa mwiko wenye ncha bapa. Sufuria yenye kitako chembamba huunguza haraka kuliko yenye kitako kizito.

## Maji juu, dengu chini

Ukiiacha dakika mbili inajitenga: juu maji ya rangi, chini mchanga wa dengu. Maana yake ni kwamba dengu hazijaiva kiasi cha kuachia wanga wa kuyashika maji. Zichemshe zaidi. Ikiwa ni zile nzima, hazitayeyuka hata ukisubiri, kwa hiyo chota vikombe viwili, ponda au saga, rudisha. Kwenye blenda usijaze zaidi ya nusu, na acha kifuniko kipumue kwa kukishika na kitambaa. Mvuke wa supu ya moto hurusha kifuniko na kuunguza uso.

Sijawahi kupenda supu hii ikitiwa unga wa ngano au wa mahindi ili iwe nzito. Unga unanyamazisha bizari, na dengu zenyewe zina wanga wa kutosha.

Ikiwa nzito mno, ongeza maji ya moto kidogo kidogo, kisha uonje chumvi tena. Ujue pia kwamba supu hii hukaza ikipoa. Ipakue ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka.

## Chumvi imezidi, au pilipili

Kiazi hakinyonyi chumvi. Kinanyonya maji yenye chumvi, na yanayobaki yana chumvi ileile. Dawa ya kweli ni kuongeza wingi: maji pamoja na dengu zilizochemshwa bila chumvi. Ndimu au tui hulegeza ukali kwa mbali, nayo yanatosha kama chumvi imezidi kidogo tu. Chunguza vidonge vya supu, kwa sababu vina chumvi nyingi, na vikitiwa mwanzoni chumvi yake hukolea maji yanapopungua.

Pilipili nayo haishuki kwa maji, kwani kikali chake huyeyuka kwenye mafuta. Tui, mtindi au kijiko cha siagi hufanya kazi. Kama uliacha pilipili nzima ndani, itoe kwanza kabla haijapasuka.

## Tui au mtindi umekatika

Ukiona chembechembe nyeupe zinaelea, joto lilikuwa kali au ndimu ilikutana na mtindi kwenye moto. Supu inalika bila wasiwasi, sura tu ndiyo imeharibika, na blenda huirudisha kwa sehemu kubwa. Siku nyingine: epua, ngoja itulie, changanya mtindi na upawa mmoja wa supu kwenye bakuli, kisha rudisha taratibu bila kuichemsha tena. Tui hustahimili zaidi, lakini lisitokote kwa nguvu.

## Mengine ya haraka

Povu la kijivu linalopanda mwanzoni ni protini na saponini (viini vya asili vya dengu vinavyotoa povu kama sabuni), halina madhara. Liengue, acha kifuniko wazi kidogo, na utumie sufuria yenye nafasi. Dengu nyekundu kugeuka njano ni kawaida yake, hukukosea. Mchanga mdomoni ni uvivu wa kuchambua: zitandaze kwenye sinia, toa mawe, kisha osha hadi maji yatoke masafi. Zenye vitundu zimeliwa na wadudu. Mfuko mpya ukikaa siku kadhaa kwenye friza, mayai ya wadudu hao hufa.

Gesi tumboni hutokana na sukari ambazo tumbo halizimeng'enyi, zikafika kwa bakteria wa utumbo mpana. Kuloweka na kumwaga maji ya kulowekea hupunguza, kuivisha vizuri husaidia, na mtu asiyezoea aanze na bakuli dogo.

## Siku ya pili

Supu hii huwa tamu zaidi kesho yake, ila sufuria kubwa hupoa polepole sana, na katikati hubaki vuguvugu, hali inayopendwa na bakteria. Igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina na iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Humo hukaa siku tatu hadi nne, na kwenye friza miezi mitatu bila kupoteza ladha. Ukiipasha, ongeza maji, koroga hadi chini, iache itokote kweli, kisha kamulia ndimu mpya, kwa sababu ya jana imeshapoa ladha. Ikitoa vipovu ikiwa baridi, au ikinuka uchachu ambao hukuutia, mwaga bila kuionja.